Dhambi, Dhiki na Ubeti wa Tatu



Ndugu waamini, kuna wimbo mmoja uliozua maneno mengi katika jumuiya zetu ndogondogo za hapa Kileo. Wimbo wenyewe si mpya. Uliimbwa na kundi la X Plastaz la Arusha likishirikiana na Fid Q, msanii kutoka Mwanza, na jina lake ni swali: "Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki?" Vijana wa VIWAWA wameuhifadhi kichwani kuliko wanavyohifadhi masomo ya katekesi. Hivi karibuni wameleta ombi mbele ya Halmashauri Walei waruhusiwe kutumia ukumbi wa parokia, jioni mbili kwa juma, ili watunge wimbo wao wa mtindo huo huo wa kufokafoka, wakiliuliza swali hilo kwa mambo ya hapa kwetu. Wapo wajumbe waliolipinga ombi hilo kwa nguvu. Ukumbi, walisema, ulijengwa kwa jasho la waamini, hauwezi kuwa mahali pa kufundishana kwamba wizi si dhambi.

Kamati yetu ya Haki na Amani iliombwa itoe maoni. Tunayatoa hapa waziwazi ili kila mmoja ayapime. Sisi tunaona ombi likubaliwe, na tunaona hivyo kwa sababu ya lile lile swali lililowatia wazee wasiwasi.

Kwanza, wanaoukataa wimbo huu wameusoma kana kwamba jina lake halina alama ya kuuliza. Kusema kwamba mwenye dhiki hana dhambi ni jambo moja. Kuuliza dhambi yake ni ipi ni jambo jingine kabisa. Anayeuliza anataka ajibiwe. Na tukisema kweli, swali hili halikuzaliwa studio. Wahenga wa Kiswahili walikwisha kusema kwamba mwenye njaa hana miiko, na hakuna aliyewafungia ukumbi. Watunzi wa Arusha na Mwanza wamelichukua wazo hilo la kale, wakaligeuza kutoka kauli kuwa swali, wakalibana katika maneno mawili yanayoanza kwa sauti moja, dhambi na dhiki, hata sikio lishindwe kuyatenganisha. Huo ni ufundi wa lugha. Mshairi yeyote wa jadi angeutambua.

Maandiko Matakatifu nayo hayakulikwepa. Katika kitabu cha Methali, sura ya 30, yupo mtu anayemwomba Mungu asimpe utajiri wala umaskini, kwa kuwa anaogopa kwamba akishiba atamkana Bwana, na akiwa fukara ataiba. Tazameni jinsi mtu huyo anavyojijua! Hajidai kwamba imani yake itamlinda akiwa na njaa. Katika sura ya 6 ya kitabu hicho hicho tunaambiwa kwamba mwizi aliyeiba kwa sababu ya njaa watu hawamdharau, lakini akikamatwa hana budi kulipa, tena mara saba. Huruma na malipo vimewekwa pamoja, kimoja hakikufuta kingine. Naye Daudi alipokuwa na njaa aliila mikate mitakatifu ambayo ilikuwa halali kwa makuhani peke yao, na Bwana wetu mwenyewe aliutumia mfano huo kuwajibu Mafarisayo.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alilichambua jambo hili kwa utulivu ambao sisi tumeukosa katika vikao vyetu. Alifundisha kwamba mtu akiwa katika hatari iliyo wazi na ya haraka, wala hana njia nyingine ya kuokoa maisha yake, akichukua cha mwingine ili asife, tendo hilo halistahili hata kuitwa wizi. Msingi wake ni kwamba Mungu aliumba mali ya dunia kwa ajili ya wote, na haki ya mtu kumiliki haiwezi kuifuta haki ya mwenzake kuishi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyarudia mafundisho hayo mwaka 1965 katika hati iitwayo Gaudium et Spes, kifungu cha 69, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inayo katika namba 2408. Kwa hiyo mwamini asidhani kwamba kijana anayeuliza swali hili ameliokota kijiweni. Ameligonga lango ambalo Kanisa limelifungua karne nyingi.

Lakini tusome vizuri. Mafundisho hayo yanamhusu mwenye uhitaji wa kufa na kupona, asiye na njia nyingine, anayechukua chakula au nguo au mahali pa kujisitiri. Hayamhusu anayevunja dirisha achukue redio akauze Moshi. Wala hayamhusu kiongozi anayekula fedha za mradi wa maji kisha akasema mshahara hautoshi. Huyo naye hujiita mwenye dhiki! Neno dhiki lina mipaka, na mojawapo ya kazi tunazotaka vijana waifanye katika wimbo wao ni kuichora mipaka hiyo kwa mifano wanayoijua wao kuliko sisi.

Inafaa sasa tuseme kidogo jinsi nyimbo za namna hii zinavyotengenezwa, maana wengi wanaozihukumu hawajapata kuona zikitungwa. Wimbo wa kushirikiana huanzia kwenye mdundo. Mtayarishaji huupanga kwa kompyuta, mapigo manne manne yanayojirudia, mara nyingi akichukua kipande kidogo cha sauti au ala na kukizungusha tangu mwanzo hadi mwisho. Juu ya mdundo huo kila msanii hupewa nafasi yake, kwa kawaida mistari 16, naye huijaza kwa maneno aliyoyatunga mwenyewe. Halafu kiitikio huwarudisha wote mahali pamoja. Mtunzi wa kwanza hana ruhusa ya kula nafasi ya wa pili. Wazee wa Upare wataelewa upesi tukisema kwamba ni kama maji ya ndiva: bwawa ni moja, mfereji ni mmoja, bali kila shamba lina zamu yake, na anayefungulia maji katika zamu ya mwenziwe huitwa mbele ya watu ajieleze.

Tena mtindo huu una ndugu yake katika fasihi yetu. Marehemu Mathias Mnyampala, mshairi wa Ugogo na Mkatoliki aliyeziandika Injili na Zaburi kwa tenzi, ndiye aliyeipa nguvu ngonjera, yaani shairi la kujibizana, katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967. Wengi wetu tulisimama uwanjani shuleni tukighani ngonjera: mmoja akitetea jambo asilolijua, mwingine akimsahihisha. Kasoro ya ngonjera ilikuwa kwamba mshindi alijulikana kabla ya ubeti wa kwanza. Katika wimbo wa kufokafoka wa kushirikiana mshindi hajulikani. Mtu wa Arusha anasema lake, mtu wa Mwanza anasema lake, kila mmoja kwa sauti yake na mwendo wake, na msikilizaji ndiye anayebaki na kazi ya kuamua. Fid Q ni mtunzi anayejali vina kiasi cha kuipa albamu yake moja jina linalotaja vina vya mwanzo, vya kati na vya mwisho. Mzee anayesema vijana hawa hawana ushairi na ajaribu kuandika mistari 16 ya vina hivyo, kisha alete tuisome.

X Plastaz wana funzo jingine kwetu sisi wa tambarare, na funzo hilo linagusa amani. Kundi hilo lilianza Arusha katika miaka ya 1990. Miongoni mwao alikuwamo Yamat Ole Meipuko, ajulikanaye kama Merege, mwimbaji wa Kimaasai aliyeingia na nyimbo za watu wake bila kuzibadili ili zifanane na za wengine. Nyimbo za Kimaasai kwa asili hazihitaji ngoma. Kiongozi hutangulia, wenzake huitika kwa sauti nzito za kifuani, na pumzi zao ndizo mapigo yenyewe. Albamu yao iitwayo "Maasai Hip Hop" ilitolewa mwaka 2004 na kampuni ya Out Here ya Ujerumani, nao wakafika Ulaya na muziki huo. Wale waliosema kwamba sauti ya morani haiwezi kukaa pamoja na mdundo wa mitaani walinyamaza.

Sisi Wapare na Wamaasai tuna historia ndefu ya ng'ombe waliochukuliwa na mashamba yaliyolishwa. Kila kiangazi kikizidi, mifugo inashuka kutafuta maji na majani, mkulima anaamka na kukuta mahindi yamekwisha, na maneno yanayosemwa asubuhi hiyo hayafai kuandikwa katika kijitabu cha Kanisa. Vikao vya usuluhishi tumekaa vingi. Katika vikao hivyo kila upande huja na msemaji wake aliyekwisha kujiandaa kushinda. Hatujaona hata kimoja ambamo Mpare na Mmaasai walilazimika kutunga kitu kimoja kwa pamoja, mmoja akingoja mwenzake amalize. Vijana wanataka kumwalika kijana wa Kimaasai katika wimbo wao. Sisi tunasema na aalikwe.

Kuna hoja kwamba muziki huu ni wa kigeni. Ni kweli ulianza Marekani, katika mtaa wa Bronx jijini New York, mwaka 1973, miongoni mwa vijana maskini weusi na wa asili ya visiwa vya Karibi na Amerika ya Kilatini. Lakini kinanda cha kanisani hakikuchongwa Ugweno, na zile sauti nne za kwaya tunazojivunia zililetwa na wamisionari. Ngoma ndiyo iliyokuwa yetu, nayo mahali pengi ilikatazwa kanisani mpaka Mtaguso ulipoagiza mwaka 1963 kwamba muziki wa mataifa upewe heshima yake. Hatuombi wimbo wa kufokafoka uimbwe kwenye Misa. Hilo lina taratibu zake na si kazi ya kamati hii. Tunazungumzia ukumbi, jioni, na meza mbili za mbao.

Hoja ya kwamba wasanii hawa wana mwenendo mbaya hatutaijibu kwa urefu. Wapo wabaya na wapo wema, kama ilivyo kwa wanakwaya. Mmoja wa waasisi wa X Plastaz alijulikana kwa jina la Faza Nelly, jina ambalo limewakwaza baadhi ya akina mama wa WAWATA kwa kuwa Faza kwao ni Paroko. Ndugu huyo aliuawa Arusha mwaka 2006. Aliyeimba juu ya maisha magumu ya mji ule hakuuepuka ukatili wake. Tumwombee pumziko, jina lisituzuie.

Jambo lenyewe linalotusukuma kuandika ni hili. Swali la "nini dhambi kwa mwenye dhiki" hujibiwa kila mara hapa nchini, na jibu linalotolewa mara nyingi ni tairi na petroli. Kijana anakamatwa na mkungu wa ndizi au kuku wawili. Mtu mmoja anapiga kelele ya mwizi. Kabla mgambo hajafika, kabla mwenyekiti wa kitongoji hajaamshwa, watu wamekwisha kukusanyika na mawe. Kesho yake gazeti linaandika kwamba aliuawa na wananchi wenye hasira kali, kana kwamba hasira ndiyo iliyoshika jiwe. Wananchi hao wana majina. Wengine wao Jumapili wanapokea Ekaristi, na hatujasikia wakiungama hadharani wala kwenda kumpa pole mama wa marehemu. Sheria ya nchi inawaita wauaji. Amri ya tano haina kifungu cha kuku.

Basi tunauliza na sisi: nini dhambi kwa mwenye hasira? Mbona swali hilo halijatuletea kikao hata kimoja cha Halmashauri, ila wimbo umetuletea vitatu?

Vijana wanaotoka Kileo kwenda Mirerani kuchimba tanzanite wanaifahamu dhiki kwa namna ambayo wengi wetu hatuifahamu. Wanashuka shimoni bila mshahara, wakingoja jiwe lipatikane ndipo wagawiwe sehemu ndogo. Mwaka 1998 mvua ilipojaza mashimo, wachimbaji wengi walikufa humo chini. Waliobaki walirudi kushuka, kwa sababu nyumbani hakukuwa na kingine. Kijana wa namna hiyo akirudi mikono mitupu baada ya miaka minne, akakuta shamba la baba limegawanywa kwa kaka zake, maswali yake juu ya dhambi yatakuwa makali kuliko yetu. Mwalimu Nyerere aliwaambia watawa wa Maryknoll huko New York mwaka 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupinga mifumo inayowaweka watu katika umaskini litatambulikana na udhalimu wenyewe. Alisema hayo akiwa Mkatoliki anayelipenda Kanisa lake. Wimbo wa vijana ni mahali padogo pa kuanzia kusikiliza, lakini padogo ni afadhali kuliko pasipo.

Hata hivyo tunalo sharti moja, na tumewaeleza vijana wenyewe. Swali lililomo katika wimbo lina watu wawili ndani yake: mwenye dhiki na mwenye kuhukumu. Mtu wa tatu hayumo. Mwizi wa vijijini haendi kuiba kwa tajiri mwenye ukuta, mbwa na mlinzi. Anaiba kwa jirani ambaye mlango wake unafungwa kwa kamba. Mbuzi anayepotea usiku ni mbuzi wa mjane, aliyekuwa amepangwa kulipa michango ya shule ya mjukuu. Mjane huyo naye ni mwenye dhiki, na dhiki yake imeongezwa na dhiki ya mwenziwe. Thomas wa Akwino aliandika kwamba kinachowazidi wenye mali ni haki ya maskini. Hakuandika kwamba kinachowapungukia maskini ni haki ya maskini wengine. Hapo ndipo watetezi wepesi wa mwizi mwenye njaa hujikwaa, nasi hatutaki vijana wetu wajikwae mahali pale pale.

Mtindo wenyewe unaruhusu. Ndiyo faida ya wimbo wa kushirikiana, kwamba ubeti unaweza kuongezwa bila kumnyamazisha aliyetangulia. Tumependekeza ubeti wa kwanza uwe wa kijana aliyerudi kutoka machimboni, wa pili uwe wa mfugaji wa Kimaasai, kwa lugha yake akitaka, na wa tatu uwe wa aliyeibiwa. Si lazima ufokwe. Unaweza kuimbwa kwa sauti ya kwaya, au kusemwa tu taratibu huku mdundo ukiendelea chini yake. Hata kiitikio tusiwaandikie. Wakikipata wenyewe kitadumu zaidi. Maneno ya matusi hayatakuwamo, na hilo wamekubali bila kubishana, jambo lililowashangaza baadhi ya wajumbe wetu.

Wimbo ukikamilika tungependa usikilizwe kwanza katika jumuiya, kabla ya kupelekwa redioni au kwenye simu za watu. Kila jumuiya iusikilize katika kikao chake cha kawaida baada ya kushirikishana Neno la Mungu, kisha waamini waseme: Je, hapa kwetu ni nani aliye katika dhiki ya kufa na kupona juma hili? Je, jina lake linajulikana? Je, mfuko wa huruma wa jumuiya una kiasi gani, na mara ya mwisho ulifunguliwa lini? Viongozi waandike majibu na kuyaleta kwa katekista, naye atayafikisha kwa Kamati. Tunatarajia majibu mengine yatatuaibisha.

Halmashauri itakutana tena Jumapili ya pili ya mwezi ujao kuamua juu ya ukumbi. Wakati huo huo vijana wanatunga chini ya mwembe ulio nyuma ya nyumba ya makatekista, kwa simu moja na spika ndogo. Ubeti wa kwanza umekwisha kuandikwa, na wa pili mwenyewe ameahidi kuja akimaliza kunywesha mifugo. Wa tatu bado hauna mtu. Tumewafuata akina mama wawili walioibiwa mwaka huu. Mmoja amekataa. Mwingine ameuliza kama atakayemjibu katika kiitikio ni yule kijana aliyemchukulia mbuzi wake, maana anamjua, na angependa kusikia atasema nini.